Kujaza argoni duka la mtaani kwetu: nyota 3 kati ya 5

Mi ni fundi wa stenlesi, mageti, reli za ngazi, masinki ya hotelini, natumia mashine ya tigi (ya kuchomelea kwa umeme na gesi) kila siku kwa hiyo gesi ya argoni kwangu ni kama mkaa kwa mama ntilie, ikikata kazi imelala. Kwa hawa jamaa nimejaza mara 4.

Mara 3 za kwanza sina neno, gesi safi. Unaiona kwenye mshono wenyewe, unatoka rangi ya dhahabu, na tungsteni (ile sindano ya mashine inayotoa moto) inabaki inang'aa. Argoni raha yake ni uvivu (jina lenyewe ni Kigiriki, maana yake mvivu, wanasayansi Rayleigh na Ramsay waliiita hivyo mwaka 1894 kwa vile walikuta haishikani na kitu). Haiungui, haina rangi wala harufu, kazi yake ni kufunika chuma cha moto ili oksijeni isiguse, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inatulia palepale, ila ukiwasha feni imekula kwako.

Sasa hiyo ya 4!! Mshono mweusi, vitundu vitundu kama chapati ya maji, tungsteni imegeuka bluu. Nikasema labda ni mimi, nikabadili nozeli, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya mpira, hakuna kinachovuja, nikapandisha geji toka lita 8 mpaka 12 kwa dakika, wapi. Nikaazima mtungi wa jirani nikafunga mashine ileile, dhahabu hiyo. Basi mtungi wao uliingia hewa au unyevu, maana argoni yenyewe haiwezi kuchoma kitu.

Napeleka, dogo wa kaunta ananiambia "fundi, argoni haiharibiki". Haiharibiki kweli dogo, inachanganywa! Bahati bosi wake akasikia, akaja kuangalia kipande nilichobeba, akaomba radhi na kunibadilishia bila hata mia, ndo maana sijawapa 1.

Kitu kingine, dai wafunge geji kabla hujalipa. Mtungi wa lita 50 ukisoma presha ya bar 150 una kama lita 7,500 za gesi, ukichomelea kwa lita 10 kwa dakika unapata masaa 12 na nusu ya moto. Huu walionibadilishia ulisoma 140, nikanyamaza tu nikaupakia kwenye bajaji.