Darasa la kutuliza hisia Mombasa: mafunzo mazuri, muda hautoshi

Darasa hili la Jumamosi, hapa kisiwani, ni la watu wenye dalili za BPD (borderline personality disorder), hali ya haiba ambayo hisia huwaka upesi, huwaka kwa nguvu na huchelewa kupoa. Huko kuchelewa ndiko kunakowashinda jamaa: "Si yameisha?" Hayajaisha. Ujumbe usiojibiwa asubuhi humwacha mtu hisia zikiwa juu hadi jioni, na neno dogo la pili linamkuta hapo hapo. Walimu wa hapa wanalijua hilo, wala hawamwiti mtu mkorofi.

Wanafuata DBT (dialectical behaviour therapy), tiba ya kujifunza stadi za kutuliza hisia aliyoiasisi mwanasaikolojia Marsha Linehan kule Seattle, Marekani. Somo la kushusha hisia zilizopanda ndilo bora kuliko yote. Unainama juu ya beseni, unabana pumzi, unazamisha uso kwenye maji baridi sekunde 30 hivi. Mwili huitikia kama uliopiga mbizi na mapigo ya moyo hupungua. Nyumbani mbinu hii huharibika kwa sababu moja: maji ya tangi la juu ya paa huwa vuguvugu, na wakati wa kaskazi ni moto kabisa. Weka barafu tayari, ila maji yasishuke chini ya digrii 10. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza. Stima ikipotea, tumia pumzi: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, dakika kadhaa.

Kadi ya kila siku, ya kupima hisia na hamu ya kujiumiza kwa alama 0 hadi 5, hukusanywa tu bila kujadiliwa. Kadi isiyosomwa hujazwa Ijumaa usiku kwa kukisia, na hisia za usiku huo hupaka rangi wiki nzima.

Kasoro kubwa ni muda: wiki 12. Mzunguko kamili wa stadi za DBT huchukua takriban wiki 24, na mara nyingi hurudiwa hadi mwaka utimie, pamoja na kikao cha mtu binafsi kila wiki na simu kwa mtabibu hali inapochafuka. Hapa simu hakuna. Aliyekwama foleni ya feri Likoni usiku, hamu ya kujikata imempanda, hawezi kungoja Jumamosi.

Mwenye mtabibu wake tayari, aende, atafaidika sana. Asiye naye aulize kabla ya kulipa: nani atapokea simu katikati ya wiki? Na anayewaza kujiua sasa hivi apelekwe hospitali leo, asiachwe peke yake njiani.