Anzia kiunoni: vifaa vya kuingia navyo kwenye mashindano ya bastola ya IDPA

Hamjambo nyote, karibuni tena. Leo meza imejaa, kama mnavyoiona. Kabla sijagusa chochote: bastola hii haina risasi, nimeikagua mara mbili, magazini, yaani visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini, ziko kando, na risasi zenyewe ziko chumba kingine kabisa. Nitalirudia hili kila video hata mkinichoka.

Tangu nionyeshe picha za mashindano hapa Texas, swali mnaloniuliza ni moja tu: ninunue bastola gani? Ndugu zangu, hilo ndilo swali la mwisho. Pesa yako ya kwanza ianzie kiunoni. Nitawaonyesha kwa nini, maana mimi nilianza kinyume na nikaaibika mbele za watu.

Mchezo wenyewe kwanza, kwa ufupi. IDPA, yaani International Defensive Pistol Association, chama cha mashindano ya bastola ya kujilinda, ilianzishwa 1996 hapa Marekani. Waanzilishi wake, akiwemo fundi wa bastola Bill Wilson, walikuwa wanayajua vizuri mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la kufyatua, yaliyoanza 1976, na wakaona bastola za kule zimekuwa kama gari la Safari Rally: tamu kutazama, lakini huendi nalo dukani kununua maziwa. Wakataka mchezo wa bastola ya kawaida, ile mtu anayoibeba mchana kutwa chini ya shati. Kwa hiyo hapa unachomoa kutoka mafichoni, unafyatua ukiwa umejibanza nyuma ya ukuta au pipa, unasogea, unabadilisha magazini, na steji nzima, yaani zoezi moja la shindano, haizidi risasi 18. Baadhi ya shabaha zimechorwa mikono iliyo wazi. Hao ni raia wasio na hatia. Ukimpiga mmoja unaongezewa sekunde 5.

Haya, mshipi. Huu hapa. Nautikisa, mnaona haupindi? Ndani una utepe mgumu wa plastiki. Ule niliokuwa navaa kanisani, wa ngozi laini, ulikuwa unalala na bastola. Unachomoa, holsta, yaani ala ya bastola, inapanda na bastola hadi mbavuni, halafu ndipo vinaachana. Nusu sekunde imepotea, na mkono kila mara unaikuta bastola mahali tofauti na pa jana. Kanuni inataka mshipi usizidi upana wa inchi moja na robo tatu na upite kwenye vitanzi vya suruali, kwa hiyo msidanganyike na mishipi mipana ya kijeshi mnayoiona mtandaoni. Huu nilinunua kwa dola 50 hivi. Katika vitu vyote vilivyo mezani, ndio pekee ambao sina lawama nao hata moja.

Sasa holsta, na hapa nisikilizeni vizuri. Hii nyeusi ya kitambaa ndiyo niliyoanza nayo. Dola 15, inaingia bastola ya aina yoyote, na maneno "inaingia yoyote" yangetosha kunishtua. Tazameni: bastola ikitoka, mdomo wake unajifunga, fyaa, kama mfuko mtupu. Ili uirudishe bastola inabidi uufungue kwa mkono wa kushoto, na ukifanya hivyo mtutu unapita moja kwa moja mbele ya vidole vyako. Shindano langu la kwanza msimamizi wa usalama aliniona nikiufungua hivyo, tena kabla sijapewa risasi hata moja. Akanisimamisha pale pale. Hakunifokea, ila aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa holsta hiyo sitafyatua siku hiyo. Mzee mmoja wa kikosi chetu, anayetumia bastola kama yangu, akanitolea holsta ya akiba kutoka kwenye mkoba wake. Ndivyo nilivyomaliza siku.

Hii ya pili ni ya Kydex, plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola moja tu. Dola 65. Bastola ikiingia inalia "tak", kifyatulio kimefunikwa chote, na mdomo unabaki wazi bastola ikiwa nje, kwa hiyo unairudisha kwa mkono mmoja. Iko nyongani, upande wa mkono wangu wa nguvu, nyuma kidogo ya mshono wa suruali. Kasoro yake? Skrubu zinalegea. Ya juu iliniachia mwezi wa pili. Nikaweka gundi ya skrubu na imetulia hadi leo. Kitu kimoja zaidi: kuna holsta zenye kitufe unachokibonyeza kwa kidole cha shahada ili bastola iachie. Ziacheni. Kidole kikiwa kinabonyeza na bastola inatoka, kinaweza kuteleza hadi kwenye kifyatulio, na viwanja vingi vimezipiga marufuku.

Vifuko vya magazini, viwili, upande wa kushoto, dola 30. Vinashika, sina zaidi. Magazini uwe nazo 3 angalau.

Kizibao! Hiki chenye mifuko 14, ndiyo, cha wavuvi. Mke wangu aliponiona nacho mara ya kwanza aliniuliza nitarudi na sato wangapi. Chekeni, lakini kina kazi. Kanuni inataka ukinyoosha mikono pembeni bastola isionekane. Shati la kawaida linaficha sawa, ila unalipandisha kwa mkono wa kushoto, na kuna steji mkono huo umeambiwa ushike sanduku au simu. Kizibao unakisukuma nyuma kwa vidole vya mkono ule ule unaochomoa, umemaliza. Hiki kina kasoro moja: ni kizito, na Julai ya Texas haina huruma. Nikinunua tena nitachagua chenye wavu mgongoni.

Masikioni nina kinga ya Howard Leight Impact Sport. Inapunguza desibeli 22, na mlio wa bastola unafika karibu 160, kwa hiyo mimi navaa vijiti vya sponji ndani yake pia. Uzuri wake ni vinasa sauti viwili: maneno yanapita, mlio unakatwa. Kwa mgeni asiyejua amri, kusikia ni nusu ya usalama. Miwani ya kinga, yoyote iliyopimwa kwa kugongwa, basi.

Na bastola, haya, niliwaahidi. Glock 19, ya 9mm, magazini ya risasi 15, karibu gramu 670 ikiwa haina risasi. Ni bora kuliko CZ P-10 C au M&P ya Smith & Wesson? Mikononi mwangu CZ ina kifyatulio kitamu zaidi, sitawaficha. Nimebaki na Glock kwa sababu ya yule mzee: ukikwama, kikosi kizima kina magazini na holsta za kukuazima. Kama tayari unayo bastola nzuri ya 9mm, usinunue nyingine. Nunua risasi. Shindano moja la mwezi linakula kati ya 80 na 120, mimi nabeba 200.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya ndugu zetu wageni wa huku. Mwenye kadi ya kijani anaweza kununua kama raia, kwa fomu na uchunguzi ule ule. Lakini ukiwa hapa kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kumiliki silaha au hata kuishika, pamoja na ile ya kukodi pale uwanjani. Kuna misamaha, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, lakini muulize wakili kwanza, usimuulize rafiki yako wa kazini. Kosa hili linaweza kukurudisha nyumbani. Na mlioko Kenya, mchezo upo huko huko, kwenye uwanja wa kufyatua wa Kirigiti pale Kiambu wanaupiga. Ila cheti cha bodi ya leseni za silaha kinataja silaha yako mwenyewe, kwa hiyo habari ya kuazima bastola ya jirani isahauni.

Siku ya kwanza yenyewe. Shindano moja unaruhusiwa kupiga kabla ya kuwa mwanachama, kwa hiyo jiandikishe PractiScore, tovuti ya mashindano ya kufyatua, lipa ada ya dola 25 hivi, uende. Bastola ifike ikiwa tupu, ndani ya mkoba, na ibaki humo. Wanaoharibu hapa ni wale wanaobeba kila siku: wanashuka garini na bastola imejaa kiunoni, halafu wanataka kuitoa risasi kwenye maegesho. Usithubutu. Mtafute msimamizi akuelekeze. Hata bastola tupu huigusi mpaka uingie eneo la usalama, na eneo hilo risasi haziguswi kabisa. Kwenye mstari utasikia "Load and make ready", hapo ndipo unajaza. Kisha "Standby", taima inalia, unaanza. Ukiangusha bastola iliyojaa, au mtutu ukimpitia mtu, siku yako imeisha na hakuna kubembeleza.

Halafu punguza kasi. Sisemi kwa upole, nasema kwa hesabu. Kila pointi unayopoteza kwenye shabaha ni sekunde moja: pembeni kidogo 1, mbali zaidi 3, ukikosa kabisa 5. Mimi nilipiga steji kwa sekunde 14.20 nikajiona simba. Pointi nilizopoteza zilikuwa 9. Jumla 23.20. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu, anavaa kitambaa cha kushikilia goti, akaimaliza kwa 18.60 bila kupoteza hata moja. Nilikwenda kubandika vibandiko juu ya matundu kwenye shabaha zake za kadibodi, na hakukuwa na kazi kubwa, matundu yote yalikuwa yamerundikana kama nyumba ya nyigu.

Na kubandika ni wajibu wako pia, msikae kivulini mkisubiri zamu. Jumamosi nina shindano lingine, nitafunga kamera kwenye kofia muone skrubu ya holsta kama itashika. Mwenye swali la wanaofyatua kwa mkono wa kushoto, nimeliona, tutaazima holsta ya mtu nilijibu kwa vitendo.