Big Pit, Wales: simu unaiacha juu, we unashuka mita 90

Shemeji alivyosema jumamosi anatupeleka kuangalia mgodi wa zamani wa makaa ya mawe nilinuna kimoyomoyo, nikajua ni yale mambo ya kuzunguka na kutazama mapicha ukutani halafu mtu unaanza kuulizia choo kiko wapi. Aisee nilikosea sana.

Big Pit iko Blaenavon, kusini mwa Wales, juu mlimani kwenye upepo wa kufa mtu. Mgodi ulifungwa 1980, na 1983 ukafunguliwa tena watu waje kutembea. Yaani hawakuziba shimo na kuuza vyuma chakavu, waliacha mnara wa lifti, karakana, mpaka kantini. Makumbusho ni ya taifa, kiingilio bure, ila ya kushuka chini angalia tovuti yao kwanza.

Sasa huko chini. Kabla hamjashuka wanakusanya simu, saa, viberiti, hata rimoti ya gari, maana ni mgodi kweli na gesi ikikutana na cheche ni balaa (wife bila simu karibu saa nzima, we acha tu). Unavishwa helmeti, taa, mkanda wenye betri na kifaa cha kukusaidia kupumua endapo moshi utatokea, kama kilo 5 hivi, mnabanana kwenye lifti na safari inaanza. Anayewatembeza ni mchimbaji mwenyewe, siyo mtu aliyekariri karatasi, na ndo utamu wote uko hapo. Lafudhi yake mimi nilipata nusu, nusu nyingine mwanangu akawa ananitafsiria.

Wameacha mazizi ya farasi humo humo chini, na majina yao bado yapo juu ya vibanda. Farasi, ardhini, miezi na miezi! Halafu tukafika kwenye mlango wa hewa (ule wa kuongoza hewa ipite njia yake mgodini), yule mzee mchimbaji akatuambia tuzime taa zote. Giza lile sijawahi kuliona, unaweka mkono mbele ya pua hauuoni. Akasema zamani mtoto alikuwa anakaa hivyo hivyo kutwa, kazi yake kufungua mlango mkokoteni ukifika, mpaka sheria ya 1842 ikapiga marufuku wanawake wote na wavulana chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Wangu ana tisa. Hakusema kitu, nikasikia tu kashika koti langu.

Juu kuna mabafu ya wachimbaji ya 1939, usiyapite haraka. Kabla ya hapo mtu alikuwa anarudi nyumbani na masizi yake, mama ndo achemshe maji.

Kama unaogopa sehemu finyu baki juu unywe chai. Mrefu jiandae, mimi niligonga kichwa mara nne, helmeti mungu aibariki. Vaa viatu vya kueleweka na sweta hata kama ni julai.