Lenzi ya mkono ya mara kumi, kwa watazamaji wa nyigu wa makuyu

Lenzi ninayoizungumzia ni ile ndogo ya kukunja, inayokuza vitu mara kumi, yenye vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja ndani ya fremu ya chuma. Wauzaji huinadi kwa wapenzi wa vito na stempu. Mimi nimeipima kwa kazi ngumu zaidi, yaani kutazama uzazi wa nyigu wanaoishi ndani ya makuyu, ambao urefu wao ni takriban milimita mbili tu.

Ukipasua kuyu lililokaribia kuiva ambalo bado halijatobolewa, jinsia hutambulika mara moja: dume ana rangi ya kaharabu na hana mabawa, ilhali jike ni mweusi mwenye mabawa. Madume hutangulia kutoka katika maua madogo yaliyo ndani ya kuyu, walimokulia, hutafuta maua yenye majike, huyatoboa kwa taya zao na kuwapanda majike wangali wamefungiwa humo. Tendo hilo huonekana vizuri, kwa kuwa dume hutulia huku tumbo lake refu likiwa limepenyezwa tunduni. Kisha madume hushirikiana kuchimba njia, majike huruka wakiwa na chavua, na madume, wasio na mabawa, hufa muda mfupi baadaye.

Sifa kubwa ya lenzi hii ni uaminifu wa rangi, kwani haitoi ule upindemvua wa pembeni unaoharibu lenzi rahisi za plastiki. Bila hivyo, kuhesabu madume na majike kungekuwa kubahatisha, na hesabu ndiyo yenye utamu. Yai lisilorutubishwa huwa dume, hivyo mama anaweza kupanga jinsia ya watoto wake. Mwaka 1967 mwanabiolojia W. D. Hamilton alieleza kwamba madume ndugu wanaposhindania majike mahali pamoja, mama hufaidika kwa kuzaa madume wachache tu. Waingiapo mama kadhaa kutaga katika kuyu moja, sehemu ya madume huongezeka.

Kasoro zipo. Lazima ukisogeze kitu hadi sentimita mbili na nusu hivi kutoka kwenye lenzi, na kichwa chako hukinga mwanga. Vifuko vya chavua kifuani mwa jike havionekani sawasawa, kwa hiyo asiyetaka kuchanganya Ceratosolen arabicus, nyigu mchavushaji wa mkuyu, na Ceratosolen galili, anayetaga bila kuchavusha, atahitaji hadubini. Tena utomvu wa kuyu hunata kwenye kioo. Ufutwe kwa kitambaa chenye maji kabla haujakauka.