Uzoefu wangu na mikahawa ya franchaizi jijini Bucharest

Nimeishi Bucharest muda wa kutosha kuwa mteja wa karibu kila msururu mkubwa wa mikahawa uliopo jijini, na hukumu yangu naitanguliza: jina lililoandikwa juu ya mlango linakueleza bei na aina za vinywaji, lakini halikuelezi kahawa yenyewe itakuwaje. Hilo linaamuliwa na mtu aliyelipia haki ya kutumia jina hilo, na wenye maduka hawafanani.

Biashara hii nchini Romania ni changa. Starbucks, msururu wa Marekani, iliingia mwaka 2007, mwaka uleule nchi ilipojiunga na Umoja wa Ulaya, na tangu 2015 maduka yake yanaendeshwa na AmRest, kampuni iliyoanzia Poland. Mwaka huohuo wa 2015, Radu Savopol na Lucian Bădilă walianzisha msururu wa 5 to go hapahapa Bucharest, kila kitu kikiuzwa kwa lei 5, lei ikiwa sarafu ya Romania. Bei hiyo haipo tena, jina tu ndilo limebaki, lakini wazo lao limeenea hadi miji ya Cluj-Napoca, Iași na Timișoara: duka dogo lenye kaunta moja, mteja anachukua kikombe na kwenda zake, na mtaji wa kufungua duka unatoka mfukoni mwa mtu mwingine.

Hilo la mtaji ndilo linaloeleza mengi. Katika mfumo wa franchaizi, kampuni mama hutoa jina, vipimo vya vinywaji, mafunzo na wauzaji wa kahawa na vikombe. Anayejiunga hulipa ada ya kuingia, hununua mashine, hupangisha chumba, huajiri, kisha hulipa mrabaha kulingana na mkataba. Kampuni hukua haraka bila kukopa, na mtu mwenye akiba ya wastani hupata biashara ambayo wateja tayari wanaijua. Linalobaki nje ya mkataba, au linaloandikwa humo na kusahaulika, ni mambo madogo ya kila saa: nani anarekebisha mashine ya kusagia, nani anasafisha bomba la mvuke linalopashia maziwa, na nani yupo kuyaona hayo yakifanyika.

Mfano wangu ni maduka mawili ya msururu mmoja wa hapa, ambao sitautaja, yaliyo umbali wa mwendo mfupi kwa miguu. La kwanza liko karibu na kituo cha metro, na mwenyewe husimama nyuma ya kaunta karibu kila asubuhi. Amewahi kuimwaga espreso yangu kabla sijaigusa kwa sababu ilitoka haraka mno, akapunguza ukubwa wa chembe za kahawa, akatengeneza nyingine. Alikuwa sahihi: espreso huhitaji takriban sekunde 25 hadi 30 kupita kwenye mashine, na ikitoka chini ya hapo huwa nyepesi na chachu. Hali ya hewa ikibadilika, kipimo cha kusaga nacho hubadilika, hivyo mashine iliyopangwa vizuri asubuhi yaweza kuwa haifai tena adhuhuri. Maziwa yake huyapasha hadi yanapoanza kuwa moto mkononi, karibu nyuzi 60, na hapo utamu wake wa asili unasikika hata bila sukari.

Duka la pili lina bango lilelile, vikombe vilevile na, kwa maelezo ya wafanyakazi, kahawa ya chanzo kilekile. Maziwa yalichemshwa hadi yakanuka, bomba la mvuke lilikuwa na utando mkavu wa maziwa ya wateja waliotangulia, na espreso ilikuwa chungu kama dawa ya mitishamba. Mfanyakazi, kijana mpole aliyekuwa peke yake wakati foleni imefika mlangoni, aliniambia kwamba mwenye duka ana maduka mengine na huja mwisho wa wiki kuangalia mahesabu. Simlaumu kijana huyo hata kidogo. Mtu mmoja hawezi kupokea malipo, kupasha maziwa, kukata keki na kuonja kahawa kwa wakati mmoja.

Jambo la pointi ambazo mteja hukusanya kwa kununua nalo linaudhi. Programu ya simu ya msururu huo ilinionyesha kikombe cha bure, lakini duka moja lilikipokea na lingine likakikataa likisema halimo kwenye mpango huo. Bei nazo hutofautiana kidogo kati ya mtaa na mtaa, jambo ambalo nalikubali, kwa kuwa kodi ya chumba karibu na Piața Romană, katikati ya jiji, si kodi ya vitongojini. Ninalotaka ni bei ibandikwe mahali panapoonekana. Anayeagiza maji ajue pia kwamba tangu mwishoni mwa Novemba 2023 chupa huongezewa dhamana ya bani 50, yaani nusu ya leu moja, ambayo hurudishiwa akirejesha chupa.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaoidharau kahawa ya bei nafuu. Majirani zangu wazee hukumbuka miaka ya 1980, wakati wa Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti wa Romania, ambapo kahawa halisi ilikuwa adimu na dukani kilipatikana kitu walichokiita nechezol, mchanganyiko wa kahawa kidogo na nafaka au dengu zilizokaangwa. Kahawa nzuri ilikuwa zawadi ya kumpa daktari. Kwa mtu aliyeyaona hayo, kupita dirishani na kupata espreso halisi kwa pesa ndogo si jambo dogo, na mimi niliyekulia Kagera, ambako buni hutafunwa hata kabla ya kunywewa, nimejifunza kuiheshimu furaha hiyo.

Ninapotaka kukaa na kompyuta kwa saa kadhaa, huenda kwenye msururu mkubwa wa kimataifa: viti vipo, umeme upo, choo ni safi, na hakuna anayenitazama kwa jicho baya. Kahawa yao imekaangwa sana kwa ladha yangu, nami huona kwamba ninalipia kiti. Ninapotaka kahawa yenyewe, na pesa ipo, nakwenda kwa wakaangaji wadogo, ambao huandika kwenye mfuko nchi na mwaka wa mavuno. Misururu ya bei nafuu huishia mara nyingi kuandika asilimia ya arabika pekee, na hilo ningependa wabadilishe.

Kwa urahisi, wepesi wa huduma na bei, naipa misururu ya franchaizi ya hapa nyota nne kati ya tano. Kwa uthabiti wa kahawa, mbili. Mtu anayehamia Bucharest namshauri ajaribu maduka yote ya jina moja yaliyo njiani mwake kabla ya kuchagua, na aulize bila haya kama mwenyewe yupo. Lile duka la pili limepata mmiliki mpya miezi ya karibuni. Bango halikubadilika, wafanyakazi sasa ni wawili, bomba la mvuke hupanguswa baada ya kila kikombe, na kapuchino yake inanyweka.