Dawa lengwa za saratani na ovari: ipi inaumiza, ipi inavumilika

Mwanamke wa miaka 30 anayeanza matibabu ya saratani Kisumu au Eldoret huelezwa vizuri kuhusu kutapika. Kuhusu uzazi huambiwa tu asishike mimba. Maneno hayo hayatoshi, maana kumkinga mtoto tumboni ni jambo moja na kuyahifadhi mayai ni jingine. Dawa nne zifuatazo ni dawa lengwa, yaani zinazolenga kitu maalumu kinachoikuza saratani, na tumezipima kwa swali hilo la pili.

Bevasizumabu, inayouzwa kama Avastin, tunaipa alama ya chini kabisa. Huzuia mishipa mipya ya damu ili uvimbe ukose chakula, lakini ovari nayo huotesha mishipa mipya kila mwezi ili yai lipevuke. Katika utafiti wa saratani ya utumbo mpana, ovari zilishindwa kazi kwa asilimia 34 ya wanawake waliopata kemo pamoja na dawa hii, na kwa asilimia 2 tu ya waliopata kemo peke yake. Aliyehesabiwa ni yule aliyekosa hedhi miezi 3 au zaidi, FSH yake (homoni ya ubongo inayopanda ovari zikishindwa) ikafika 30, na kipimo cha mimba kikaonyesha hana. Dawa iliposimamishwa, ovari ziliamka kwa asilimia 22 ya walioathirika. Onyo hilo limo katika maelezo ya dawa nchini Marekani tangu 2011, kwa hiyo hakuna sababu ya mgonjwa kulisikia baada ya dripu ya tatu.

Trastuzumabu, yaani Herceptin, ina nafuu kubwa. Hutolewa kila wiki 3 kwa mwaka mzima, na haijaonekana kuongeza sana madhara ya ovari; hedhi ikikatika, wa kwanza kushukiwa ni kemo inayoandamana nayo, hasa saiklofosfamidi. Hatari yake iko kwa mimba: maji yanayomzunguka mtoto hupungua. Kinga ya mimba iendelee miezi 7 baada ya dozi ya mwisho.

Imatinibu, miligramu 400 kila siku kwa saratani ya damu ya CML, inatatanisha. Wapo waliopata mimba wakiitumia, ila inaweza kuharibu viungo vya mtoto vikiwa vinaumbika. Kosa kubwa ni kuiacha kimyakimya kwa sababu unatamani mtoto: ugonjwa hurudi. Kusimama hupangwa na daktari, baada ya vipimo vya BCR-ABL (jeni inayoonyesha kiasi cha CML kilichobaki) kuwa chini sana kwa miaka kadhaa.

Olaparibu, dawa ya baadhi ya saratani za ovari na matiti, tunaiogopa kwa ushahidi wa panya, ambao akiba yao ya mayai machanga ilipungua. Kwa binadamu kinga ya mimba ni miezi 6 baada ya kuimaliza.

Huduma zinazopaswa kutangulia? AMH, homoni inayoonyesha akiba ya mayai, ipimwe kabla ya dozi ya kwanza, kwani ikipimwa baadaye hakuna cha kulinganisha. Mwambie mtu wa maabara kama una kijiti au unatumia vidonge vya kupanga uzazi, maana homoni hizo zinaweza kushusha jibu. Kugandisha mayai huchukua siku 10 hadi 14 za sindano, na zinaweza kuanza siku yoyote ya mzunguko; kwa saratani ya matiti inayolishwa na homoni huongezwa letrozoli, dawa inayoshusha estrojeni. Shida ni gharama, na safari ya Nairobi, maana huko ndiko maabara nyingi za kazi hiyo ziliko. Rufaa iandikwe siku majibu ya kipimo cha nyama ya uvimbe (biopsi) yanapotoka. Ikingoja kliniki ijayo, wiki mbili hizo zimekwisha.

Sindano ya goserelini, inayozilaza ovari kwa muda, miligramu 3.6 chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, huanza angalau wiki moja kabla ya kemo. Imesaidia kukinga ovari kwa wagonjwa wa saratani ya matiti wanaopata kemo. Usiuziwe kama kinga dhidi ya bevasizumabu.

Mwisho, kukosa hedhi si kinga ya mimba. Wengi huacha kupanga uzazi hapo, kisha ovari huamka bila hodi na mimba huingia dawa ikiwa bado mwilini. Mwenye saratani ya matiti asitumie Depo, kijiti wala vidonge vya homoni; koili ya shaba haina homoni, hudumu miaka 10, na huwekwa katika kliniki za kupanga uzazi. Iwekwe kabla dripu haijaanza, wakati chembe nyeupe za damu hazijashuka.