Uzoefu wangu na duka la familia ya Wachina Kariakoo: katoni moja imenitoa machozi

Nauza viatu vya watoto sokoni Morogoro, na kwa miaka mingi mzigo wangu nimeuchukua duka moja tu Kariakoo, la familia ya Wachina, karibu na Mtaa wa Kongo. Jina silitaji. Wakisoma watajijua, na nataka wajijue.

Katoni ya viatu vya shule, pea 36. Nafungua dukani kwangu, soli zinabanduka hata mtoto hajavaa. Nusu katoni! Pea nyingine nilishaiuza juu juu, mama wa watu akaja nayo shule zilipofunguliwa, mtoto kashika soli mkononi, wateja wote wananitazama. Nikapanda basi na katoni yangu mpaka Dar. Kijana wa pale, mtoto wa mwenye duka, hakuinua macho kwenye simu. Akanyoosha kidole ukutani palipoandikwa: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia, mwanangu, mimi nakujua tangu unaandikia kazi za shule juu ya maboksi haya. Kimya. Karani wake ndiye aliyejibu: "Mama, tupishe, kuna wateja."

Kwani mimi nani?

Mama wa kijana huyo alianza na nusu fremu, meza ya kandambili na maua ya plastiki. Mumewe alibaki kwao China, jimbo la Zhejiang, akikusanya mzigo Yiwu, mji wa masoko ya jumla, yeye huku anapokea kontena. Kiswahili hakujua. Anabonyeza bei kwenye kalkuleta, na wewe unabonyeza yako, mpaka mnaelewana. Baada ya miaka kadhaa alikuwa ananiuliza hali ya mama yangu mzazi, na anasubiri jibu. Januari 2011, Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara Lazaro Nyalandu alipowapa wageni wanaochuuza Kariakoo siku 30 waondoke, kwamba waliruhusiwa kuja kuwekeza na si kuchuuza, nilimkuta amekaa juu ya katoni, chakula hakijaguswa. Hakuondoka. Alihamia ghorofani, rejareja akaiacha, akawa anauza kwa katoni tu. Mwaka mume wangu alipolazwa nilikwenda sina kitu, akanipa katoni 4 kwa mali kauli. Hakuandika popote. "Dada, ukiuza utaleta." Nilipeleka yote, hadi shilingi ya mwisho.

Ndiyo maana nimeumia hivi. Mtu nisiyemjua angeniuzia viatu vibovu ningemlaani nikalala usingizi.

Kwa hiyo neno langu lilikuwa moja: msiende pale. Na Julai 2025 serikali ilipopiga marufuku wageni kufanya biashara 15, rejareja na jumla zikiwemo ukiacha supamaketi na mengine machache, faini kuanzia milioni 10, sokoni kwetu tulishangilia na mimi nilipiga makofi. Nayasema wazi. Mfanyabiashara mdogo analipa kodi ya fremu, kisha anashindana na mtu anayeshusha mzigo wake mwenyewe kutoka kiwandani. Hilo halikuwa sawa na bado naona halikuwa sawa.

Lakini juzi juzi nilishuka Kariakoo, miguu ikanipeleka pale yenyewe. Mlango una kufuli. Mbeba mizigo wa siku zote, anayenijua, akaniambia mama alirudishwa kwao mgonjwa, kabla hata ya ile katoni yangu, na kijana alibaki peke yake na madeni ya watu. Nilisimama kwenye ngazi. Kijana hakuniambia. Angeniambia tu, "Shangazi, mama anaumwa," ningembebea katoni ile kichwani mpaka Morogoro bila neno.

Ulikuwa ufedhuli, siufuti. Ila lile "msiende" nalifuta, maana huyo mama ndiye aliyenifanya nikawa na duka.

Pea 18 ziko chini ya meza yangu. Fundi ameshashona 5, na soli zimekaa.